Siku Temne Walipoitwa Uwanjani

Ionie Bedeau alikuwa mtu wa hapahapa L'Esterre, kisiwani Carriacou katika Karibi, ila kazi yake ilikuwa ngeni kwetu: kuchunguza watu wanavyocheza ngoma, na kwa nini. Huko Uingereza alikofundisha, wakubwa walimwambia watu weusi wana ngoma damuni. Akabishana nao mpaka akaota mvi. Hakuna damu inayocheza, alisema, mtoto hufunzwa na wazazi. Yeye mwenyewe hakufunzwa. Baba yake alimpeleka shule ya mbali angali mdogo.

Sasa baba ni marehemu, na jiwe la kaburi lake linasimikwa. Kwenye karamu ya jiwe, kila taifa la wahenga waliotoka Afrika huitwa kwa mdundo wake. Taifa la baba, Temne, lilibakiwa na watu wawili: Ionie, na shangazi yake Clemence, ambaye miguu ilishamkatalia. Na taifa lisiloingia uwanjani haliitwi tena.

Wiki nzima Ionie alimbembeleza. "Shangazi, nionyeshe hata kwa mikono."

"Mimi nani alinionyesha? Ngoma ikilia, damu itakuinua. Au huko Ulaya walikutia maji?"

"Ulikuwa ukimtazama bibi, shangazi."

"Hebu nenda kakoroge sima."

Alasiri ya karamu, mzee Cephas, mpiga ngoma, akaubadilisha mdundo. Temne. Watu wakampisha Ionie. Akaingia, na kwa mara ya kwanza maishani akatamani wale aliobishana nao wawe wamesema kweli. Akaingoja damu. Miguu ikatoa Kromanti, uchezaji wa taifa la majirani, aliojifunza kwa ajili ya kazi yake. Tena aliucheza vizuri, na hapo ndipo ulipokuwa ubaya.

Cephas akalaza kiganja juu ya ngozi ya ngoma.

"Kromanti huyo," mtu akacheka.

Clemence alimtazama toka kichwani hadi miguuni, bila hasira. "Kumbe mama yako alimdanganya kaka yangu."

"Sikufunzwa, shangazi. Ni hilo tu."

"Damu haisahau, mwanangu. Wewe sikulaumu."

Hoja zote Ionie alikuwa nazo, za miaka na miaka, na hakuna hata moja iliyomfaa.

Shangazi akamwita jirani aipeleke chumbani sahani ya kuwatambikia wahenga, ile sima isiyo na chumvi aliyoikoroga Ionie tangu alfajiri. "Wewe kaa tu, mgeni wetu," akamwambia, akamsogezea kiti.

Uwanjani taifa la Igbo lilikuwa limeshaitwa. Temne hawakuitwa tena.