Mzee Kinyanjui Aenda Kutalii Gatwekera

Mzee Kinyanjui hakuwa mtu wa safari. Mombasa alifika mara moja, kwa harusi. Nakuru alikwenda kwa mazishi tu. Maisha yake mengine yote yalikuwa Kawangware, katika shamba la babake ambalo siku hizi linaota vyumba vya kupangisha mahali pa mahindi. Watu walimjua kwa duka la mbao. Duka lenyewe lilikuwa limedorora, lakini alilifungua kila asubuhi, maana mtu lazima awe na cha kujibu akiulizwa kazi yake.

Kilichomlisha hasa kilikuwa Gatwekera, kule Kibera: safu mbili za vyumba vya udongo na mabati. Alizijenga zamani, hakurudi kuziona. Mambo yote yalipitia kwa Shivachi, caretaker wake, kwa simu. Wapangaji hawakumjua kwa sura, naye hakuona hasara yoyote katika hilo.

Bintiye Wanja aliamini kwamba mbao ndizo zilizompeleka Kanada kusoma. Huko aliwaambia watu, "Babangu ni seremala." Mzee aliipenda sentensi hiyo. Afadhali apoteze vyumba vyote kuliko kuipoteza.

Sasa Wanja alikuwa nyumbani kwa likizo, na Jumamosi hiyo aliamka na tangazo.

"Leo sisi ni watalii. Nimetubook tour ya Kibera."

Mamake, Angeline, alipaliwa na chai. "Kibera?"

"Ni hapo tu, Mum, na hatujawahi enda."

Angeline alimtazama mumewe. Mzee alipiga hesabu: Kibera ni kubwa, na ratiba ilitaja Kambi Muru na reli, basi. Kukataa kungezaa maswali. Akavaa kofia pana ya kitalii aliyoletewa na Wanja, ile yenye kamba ya kidevuni.

Kiongozi wao alikuwa kijana aitwaye Wesonga. "Niaje wageni! Mmetoka mbali?"

"Kawangware," Wanja akasema.

Wesonga alicheka akashika magoti. "Kawangware! Na mko na kofia ya kuona simba!"

Kambi Muru walikuta karakana ya shanga imefungwa. Mwenyewe alikuwa amefiwa. "Hakuna stress," Wesonga akasema. "Nawapeleka kwa auntie yangu Nereah, hapo Gatwekera. Mtaona life yenyewe."

Goti la Mzee lilianza kuuma papo hapo. Alilitaja. Wanja akamshika mkono kwa upendo, akamvuta.

Nereah alikuwa na kiti kimoja. "Keti hapa, mzee. Wewe ni mgeni." Watalii alikuwa amewazoea, aliwaonyesha kitanda, pazia na jiko kwa mpangilio wa mtu anayejua wanachopenda kupiga picha.

"Na landlord anawasaidia?" Wanja aliuliza.

"Huyo hatujawahi muona. Sisi humuita Roho."

"Roho Mtakatifu?" Wesonga alichokoza.

"Mtakatifu wapi! Haonekani, lakini end month unamskia."

Walicheka wote. Mzee alicheka pia, amechelewa kidogo.

Hapo akaingia Hope, binti ya Nereah, amejikunja, mikono tumboni. "Mum, choo bado imefungwa?"

"Bado. Shivachi ameenda ocha, kwao, kuzika, na akaenda na key." Nereah akawageukia wageni. "Roho alipiga simu, choo ifungwe, ati watu wa plot ya jirani wanaijaza."

Mzee aliikumbuka simu hiyo. Alikuwa akila chapati. Kufuli alilinunua mwenyewe, likaja na funguo mbili: mmoja akamtumia Shivachi, mwingine akautia kwenye shada lake la funguo. Shada lilikuwa kiunoni mwake sasa hivi, chini ya sweta.

"Si mvunje tu?" Wanja alisema.

"Kuna mtu alivunja. Alihamishwa hiyo wiki."

Hope aliegemea ukuta, jasho limemtoka. Kilichohitajika ni Mzee kusimama tu.

"Baba Wanja," Angeline akasema polepole.

"Nini?"

"Hakuna."

Wanja alitoka nje akione choo chenyewe. Walimfuata. Mlango ulikuwa nusu ya geti kuukuu la bati, na kwenye bati hilo walipangana bata watatu wa bluu, wa mwisho ana mguu mmoja. Aliyewachora alikuwa Wanja, akiwa darasa la pili. Rangi ilipomwishia alilia, na babake akambembeleza kwamba bata huyo amepumzisha mguu. Baadaye akamwambia geti limeibwa.

"Dad. Hii ni gate yetu."

"Mageti hufanana."

"Na bata pia?"

Hakupaza sauti. Aliinua sweta la babake, akachomoa shada la funguo, kama alivyozoea kufanya utotoni mzee aliposinzia baada ya kazi. Akajaribu ufunguo mdogo kuliko yote. Kufuli likafunguka. Hope akawapita mbio, akaingia, akavuta mlango, bata wakarudi mahali pao.

Wesonga, ambaye kazi yake ni kueleza, aliangalia viatu vyake. Wanja alikuwa bado anazungusha funguo mkononi, hamtazami mtu. Nereah aliitazama kofia, akatazama sweta, akarudi kwenye kofia.

"Kumbe ndio wewe," akasema.

Goti lilikuwa linauma kweli sasa. Mzee alirudi ndani akitafuta pa kukaa, lakini Nereah alikuwa amemtangulia, amekwisha kukinyanyua kiti.

"Hiki ni cha wageni, landlord."