Punda Aliyetembea Siku Nne Bila Maji

Kuna siku moja sijaisahau, mwanangu, na nikiikumbuka hadi leo masikio yananiwaka moto. Ilikuwa Jumatano asubuhi, sokoni Kariakoo, upande wa kuku. Nilikuwa nimekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, daftari mapajani, namsomea mchinjaji hadithi yangu.

Kabla sijaendelea nikiri jambo. Nina miaka thelathini na moja tu. Neno hili "mwanangu" nimeliandika, nikalifuta, nikaliandika tena, kwa sababu naona linamfaa mtu mwenye mvi. Lakini juzi uliniachia daftari lako ukasema, "Anti, nisahihishie, na usinionee huruma." Nimelisoma mara mbili. Mbwa wako anakufa ukurasa wa kumi na mbili, na mimi siwezi kuchora alama nyekundu pale kisha ninyamaze. Acha nikusimulie jinsi nilivyosahihishwa mimi.

Uandishi sikuusomea. Baada ya kidato cha nne niliwekwa kwenye duka la steshenari la mama mdogo, mtaa wa pili kutoka sokoni, kazi yangu kutoa kopi na kukata picha za pasipoti. Kuandika nilijifunza kwenye vile vitabu vikuukuu vinavyotandazwa juu ya turubai kando ya barabara. Nilivichagua vya safari na hatari: watoto wanaotafuta hazina, wawindaji, visiwa, misitu. Nilivipenda mpaka nikawa navipasua nione vimejengwaje. Usicheke. Nilikuwa na daftari zima la mipango. Sura ya kwanza kijana anaondoka nyumbani. Sura ya tatu nyani anaiba kofia ili tucheke. Sura ya tano simba anapigwa risasi kabla ya chai ya asubuhi. Sura ya nane mnyama mwaminifu anafia njiani, na kijana akishafuta machozi anakuwa mwanamume. Sura hubadilika, lakini vifo havikukosekana. Nikaona nimegundua siri ya kazi.

Basi nami nikaandika cha kwangu. Idi, miaka kumi na miwili, anakwenda milimani kutafuta sanduku la babu yake, akiwa na punda wa kubeba mizigo. Sura ya nane chui anatokea, punda anajitupa mbele ya Idi, punda na chui wanaporomoka korongoni, na Idi anashuka kummaliza chui kwa sime. Niliandika upya mara kumi na moja. Nilihakiki kila koma. Nilihakiki hata mwezi: kama Jumatatu umeandama, Alhamisi hauwezi kuwa mpevu. Siku nikigundua kosa moja dogo, chakula hakishuki.

Sasa, mwalimu mmoja wa shule ya msingi kule Upanga, mteja wetu wa kopi, aliziona karatasi zangu pembeni ya mashine. Akasoma ukurasa mmoja amesimama, akasema, "Jumamosi njoo uwasomee watoto wangu." Nilijibu ndiyo haraka kabla woga haujanishika. Ulipokuja kunishika nikajiapiza: watoto wakipiga miayo, daftari nalifunga na siandiki tena maishani. Sikuwa natania. Nilishachoka kuwa mtu wa kuandika upya.

Nilihitaji kwanza mtu wa kunisikiliza bila kunipamba. Mama mdogo kila kitu kwake ni kizuri, hata kabla sijamaliza sentensi. Ndipo nikamfikiria Mzee Shomari, mzee wa mtaa wa Gerezani, mchinjaji wetu wa kuku miaka yote. Mtu wa maneno machache, na macho yake hayawezi tena herufi ndogo, lakini hadithi anaipenda.

"Mwandishi!" aliniita Mama Tatu, muuza kuku wa jirani yake, aliponiona na daftari. "Leo umetuletea nani wa kufa?"

"Punda," nikasema.

"Maskini. Sisi huku akifa kuku tunamla. Punda wako nani anamla?"

Nilisoma huku wateja wakija na kuondoka. Nikifika mahali pazuri, mtu anataka jogoo. Lakini kila Mzee Shomari alipomaliza kazi alinawa mikono, akakaa, akasema, "Haya, Idi yuko wapi?" Nikapata moyo. Sura ya nane niliisoma kwa sauti ya kutetemeka, nikimtazama kwa pembeni nione kama machozi yanamtoka.

Hayakutoka. Wakati huo huo alifika kijana na tetea mkononi. "Mzee, fanya chap, bodaboda inanisubiri."

"Ngoja anywe," alisema Mzee Shomari.

Nilikuwa nimemwona akifanya vile tangu utotoni, na sikuwahi kuangalia. Kisu chake kilikuwa chini ya kitambaa, kuku asikione. Aliyapa kisogo matenga, ili kuku waliobaki wasimwone mwenzao. Akachukua kopo la maji, akamsogezea tetea mdomoni, akamngoja. Kijana wa bodaboda akaguna. Tetea akanywa, akainua kichwa, akanywa tena. Ndipo mzee alipotaja jina la Mungu.

Aliporudi kukaa aliniuliza, "Huyo punda wako alikunywa maji lini?"

"Maji, babu?"

"Idi nimemsikia. Kisimani kanywa. Kwa yule bibi wa mihogo kanywa. Mtoni kanywa na kibuyu kajaza. Siku nne, mjukuu wangu, punda ana mzigo mgongoni, jua la utosi, hata tone. Usimsingizie chui. Umemuua wewe, kwa kiu, tangu sura ya pili."

Mama Tatu alicheka mpaka akashika tenga. "Kamuua mwenyewe halafu anatusomea matanga!"

Nilijitetea. Nilisema ni hadithi tu, na kwamba vitabu vyote vya safari ndivyo vilivyo.

"Na huyu alikuwa kuku tu," alijibu, bila ukali. "Kazi yangu mimi ni kuua. Tangu alfajiri wameshapita wengi. Lakini hakuna aliyekufa mkononi mwangu ambaye sikumwangalia. Wewe wako anaitwa nani?"

"Hana jina."

"Najua. Ningeshalisikia."

Mwanangu, nilirudi dukani nikitembea kama niliyevuliwa nguo. Mara kumi na moja! Koma zote, mwezi wote, na mnyama mzima ametembea siku nne mbele ya macho yangu bila maji. Nilitoa vitabu vyangu vyote kwenye boksi la karatasi nikaanza kutafuta maji. Kitabu baada ya kitabu. Farasi wanapanda mlima, wanashuka, wanabadilishwa kama matairi. Tembo anaanguka, mwindaji anakaa juu yake, anawasha kiko. Nyani ni wa kuchekwa, nyoka ni wa kuuawa, mamba hana kazi nyingine ila kula watu. Na mbwa, yule mwaminifu, anapendwa kweli, lakini anapendwa ili afe vizuri. Kuna kitabu kimoja nilikirudia mara mbili. Mbwa alikuwa na jina na kaburi. Wapagazi, watu weusi kama mimi na wewe, waliobeba hema na masanduku kitabu kizima, hawakuwa na jina hata mmoja. Aliyezoea kutomtazama punda, hakuchukua muda kuacha kumtazama na mtu.

Sivitukani vitabu vile. Ndivyo vilivyonifundisha kusoma nikiwa na njaa ya ukurasa unaofuata, na bado ninavyo. Ila siku ile niliona kwamba nilikuwa nimenakili hata upofu wao, kwa mwandiko mzuri.

Zilibaki siku mbili. Alhamisi na Ijumaa nilifika dukani mapema kabla ya wateja, nikaandika. Kwanza nilimpa punda jina: Bosi, kwa sababu haondoki mpaka atake mwenyewe. Kisha nikampa kiu, ili nimpe maji. Basi hadithi ikaniponyoka. Ukishampa punda kiu, anaanza kutafuta. Akaacha njia. Idi akamvuta kamba, Bosi akagoma, Idi akatukana, akalia, mwishowe akamfuata. Wakakuta chemchemi chini ya mwamba. Na chui alikuwa pale pale, naye amekuja kunywa. Nilikaa na kalamu hewani. Sime ilikuwa kiunoni kwa Idi, mpango wangu wa sura ya nane ulikuwa mezani. Sikumwambia Idi achomoe. Nilimwambia asimame, amshike Bosi shingoni, angoje chui amalize, ndipo Bosi anywe.

Jumamosi nilipanda bajaji hadi Upanga nikiwa na hakika nimeharibu kila kitu. Sura hii sikuwa nimeihakiki hata mara mbili. Watoto arobaini kwenye uwanja wa shule, kunguru juu ya paa wanapiga kelele, na mimi na karatasi zangu mbele yao. Sura za mwanzo wengine walisukumana. Jina la Bosi likawachekesha, nikapumua. Walipogundua kwamba Bosi ana kiu, msichana wa mbele akasema kwa sauti, "Ampe kwenye kibuyu basi, mchoyo huyo!" Wenzake wakamuunga mkono. Walimkasirikia Idi, mhusika wangu mkuu, na walikuwa sahihi.

Nilipofika kwenye chemchemi nilishusha sauti. Chui akainama. Akanywa. Sikusoma haraka; nilimngoja. Mtoto mmoja akaanza kukohoa, na jirani yake akamziba mdomo kwa kiganja. "Usikohoe! Atatusikia!"

Atatusikia. Mwanangu, sijawahi kupewa tuzo yoyote, na sidhani kama ipo ya kuizidi hiyo. Chui alipogeuka na kuondoka zake walishangilia kama timu yao imefunga goli. Mwalimu alitaka kupiga kengele, wakakataa. Wakataka chemchemi isomwe tena. Wakataka kujua chui naye anaitwa nani, nikasema sijui, wakampa majina kumi wakayagombania. Mwalimu akaniomba nakala ya kubaki shuleni, na akaniambia nirudi Jumamosi ijayo. Ndiyo hizi Jumamosi zetu, zilizokukutanisha nami.

Sikungoja bajaji. Nilikwenda kwa miguu, nikakatiza viwanja vya Mnazi Mmoja nusu mbio, jua limeshapanda, mpaka upande wa kuku.

"Shikamoo, babu!"

"Marahaba. Punda kanywa?"

"Kanywa! Na chui kanywa! Watoto arobaini wamemngoja!"

Mama Tatu akapiga kigelegele kilichowashtua kuku wake wote. Mzee Shomari alinitazama kutoka juu hadi chini, jasho, midomo mikavu, vumbi hadi magotini. Akaosha kikombe, akakijaza maji ya mtungi wake, akaninyooshea.

"Na wewe kunywa," alisema. "Tangu asubuhi umekunywa lini?"

Sikuwa nimekunywa.

Basi nasaha yangu ni hii. Sikukatazi mbwa wako kufa. Wanyama hufa, na mimi kuku wa Mzee Shomari nawala. Lakini rudi ukurasa wa kwanza umwangalie. Analala wapi? Nani anamlisha? Anaogopa nini? Mpe maji, na mngoje amalize. Ukishafanya hivyo, kama bado ni lazima afe, utalijua hilo, na msomaji wako atalijua. Usimuue ili shujaa wako apate kulia. Na ukiwa na wabeba mizigo katika hadithi yako, waite kwa majina yao. Koma tutazirekebisha pamoja, haziumi. Nakwambia mimi niliyekosa usingizi kwa ajili ya koma.

Mungu aupe mkono wako wepesi na jicho lako huruma. Akupe wa kukuambia ukweli mapema, tena wasioacha kukupenda. Na kila utakayemwingiza katika hadithi zako, mwenye miguu miwili au minne, amkute mwenyeji mwema. Njoo Jumamosi uchukue daftari lako. Njoo umekunywa maji.