Lenzi Niliyoiombea Iwe Mbovu

Nilikwenda Makambako kwa sababu ya maua ya Kitulo. Msimu uliopita niliupanda uwanda huo wa milimani, nikashinda nimelala kifudifudi kwenye nyasi zenye umande, mama mzima mwenye shamba la parachichi kijijini Yakobi, nikipiga picha ua moja baada ya jingine. Niliporudi nyumbani na kuzifungua kwenye kompyuta, hakukuwa na ua hata moja lililotulia. Yote yalikuwa kama yamepigwa kupitia chandarua. Lenzi yangu ni ya zamani, ya kuzungusha pete kwa vidole mpaka kitu kikae sawa, na nimeizungusha miaka mingi bila shida. Nikajiambia kwamba imeota kuvu.

Kuvu ndio ugonjwa wetu sisi wapenda picha wa nchi hii ya baridi. Unyevu ukiingia ndani ya lenzi, vinyuzi vyeupe huota katikati ya vioo na picha hufifia. Ndiyo maana kwetu lenzi hailazwi mkobani. Hulazwa kwenye kopo la mchele mkavu karibu na jiko, na wageni hutucheka kwamba tunapika kamera. Yangu haijawahi kulala nje ya kopo lake. Hilo nililijua vizuri, ila sikutaka kulifikiria.

Sikutaka kwa sababu ya baba yangu. Alikuwa mkulima wa Mdandu, na alipofuka kabla sijaolewa. Ilianza kwa kulalamika kwamba taa ya chemli haitoi mwanga. Akawa anafuta kioo chake kila jioni. Akabadilisha utambi, akamlaumu mwenye duka kwamba anachanganya mafuta na maji, akanunua chemli nyingine, kisha nyingine tena. Siku moja tulimkuta anaifuta mchana kweupe, nayo haijawashwa. Hospitali hakukanyaga, alisema macho ya mtu hayana spea. Basi tangu picha zile za Kitulo nilikuwa na hofu ambayo sikuthubutu kuitamka, hata kwa mume wangu. Badala yake niliandika kwenye kundi letu la WhatsApp la kuuziana na kubadilishana vifaa vilivyotumika: lenzi yangu ina kuvu, naibadilisha na yoyote iliyo nzima, naongeza na stendi ya kamera. Akajibu Tumaini wa Makambako, muuza mbao anayependa kupiga picha za ndege. Tulikuwa hatujawahi kuonana.

Asubuhi ya safari nilipanda Fuso la Baba Neema, jirani yetu anayepeleka viazi Makambako. Tulisalimiana kamwene, nikakaa mbele, kopo langu la mchele mapajani. Akauliza kama ninakwenda kwa wakwe. Nikamwambia ndani mna lenzi, ninaipeleka kuibadilisha kwa sababu imeharibika. Alitikisa kichwa, akasema siku hizi watu wanauziana hata vitu vibovu, dunia imekwisha. Nikacheka naye, lakini moyoni nilikuwa nikiomba. Wauzaji wengine humwomba Mungu mteja asione kasoro. Mimi nilimwomba kasoro iwepo, iwe kubwa, na kila mtu aione. Kama lenzi haikuwa mbovu, kilichokuwa kibovu nilikuwa nimekibeba usoni.

Tulipotoka mjini Njombe ukungu ulikuwa umeziba barabara. Baba Neema aliwasha taa na kwenda taratibu, na mimi nilijisikia salama, maana ndani ya ukungu sote tulikuwa sawa. Baada ya misitu ya kupandwa akazima taa.

"Afadhali," alisema. "Ukungu umekatika."

Nilifumba jicho la kushoto, nikatazama kwa lile la kulia, ambalo ndilo ninaloliweka kwenye kamera. Kwangu ulikuwa haujakatika. Mashamba ya viazi, milingoti ya umeme, mama aliyebeba kuni kando ya barabara, vyote vilikuwa vimefunikwa weupe uleule wa asubuhi. Nilifumbua la kushoto haraka, dunia ikarudi. Nikachukua upindo wa kanga yangu nikaanza kusugua kioo cha dirisha.

"Mama, hicho nimekiosha jana," alisema Baba Neema. "Kisafi."

Mkono wangu ulisimama pale pale kiooni. Nilimwona baba na chemli yake kama aliyeketi kati yetu. Niliuachia upindo, nikalikumbatia kopo mpaka Makambako.

Makambako ilitupokea kwa upepo na vumbi la malori. Baba Neema alinishusha karibu na uwanja wa mbao wa Tumaini, akasema atanipitia akishapakua. Tumaini alinijia na vumbi la msumeno kwenye nyusi. Ni mwanamke mwembamba, mdogo kwangu, asiyepoteza maneno. Alinikaribisha chai na viazi vya kuchemsha, nikala kwa heshima tu. Kisha akatoa kanga moja akaibana kwa vibanio kwenye rundo la mbao, nami nikajua imefika saa ya kupima.

Hapo inabidi niwaeleze desturi yetu. Kundini tulishauziana vibovu mpaka watu wakasusiana, ndipo tukakubaliana kwamba hakuna kubadilishana bila kanga. Inatundikwa kanga yenye maandishi, na kila mmoja anaipiga picha kwa lenzi zote mbili, mwenye mali na mgeni wake, kisha picha zinawekwa kwenye kompyuta moja. Maandishi yakisomeka, lenzi ni nzima. Yasiposomeka, hakuna wa kusingiziwa.

Kwanza Tumaini alimulika lenzi yangu kwa tochi, akaigeuza huku na huku kwa muda mrefu. Nilimtazama usoni kama mshtakiwa anavyomtazama hakimu.

"Dada, kuvu iko wapi?"

"Iko ndani," nilimwambia. "Tazama vizuri."

Alitazama tena. Akasema labda imejificha pembeni, tupige tu. Alipiga yeye, nikapiga mimi. Nilizungusha pete mpaka nikaona herufi zimekaa, au nikajiambia nimeona. Tukabadilishana lenzi, tukapiga tena, tukaingia ofisini kwake kwenye kompyuta. Picha zake mbili zilisomeka kwa lenzi zote mbili: Wema hauozi. Hata uzi uliofumuka kwenye pindo ulionekana. Picha zangu mbili, moja ya lenzi yangu na moja ya lenzi yake nzima, zilikuwa rangi tupu zilizoyeyuka.

Nje msumeno ulikuwa unalia. Nilianza kueleza, nikasema upepo ulitikisa kanga, nikasema mikono yangu ina baridi. Tumaini alinisikiliza mpaka nikamaliza visingizio vyote. Kisha akaniomba nikae dirishani kwenye mwanga na nisipepese. Alifunga lenzi yangu kwenye kamera yake, akasogea karibu sana, akanipiga picha ya jicho la kulia.

Aliikuza kwenye kompyuta. Niliitazama kwa jicho langu la kushoto. Kope zilikuwa zinahesabika. Mishipa myekundu ilionekana moja moja. Na katikati, pale panapotakiwa kuwa peusi kabisa, palikuwa na doa la rangi ya majivu.

"Biashara hii hatufanyi leo," Tumaini alisema taratibu. "Lenzi yako ni nzima kuliko yangu. Nenda hospitali, dada. Usipitie nyumbani kwanza."

Nililia pale pale mbele ya mtu niliyekutana naye asubuhi hiyo. Alitoka akaileta kanga ileile ya kupimia, akanipa upindo nikajifuta. Sikuwa na aibu. Aibu huja mtu akiwa na nafasi, na mimi nilikuwa nimejaa hofu. Nilijiona Yakobi, nimeketi kibarazani, wajukuu wananishika mkono kunipeleka chooni kama tulivyompeleka baba.

Mchana Baba Neema alinipitia na magunia matupu. Nilikuwa nimerudisha lenzi kwenye mchele. Akauliza kama nimefanikiwa kuibadilisha. Nikamwambia lenzi haina tatizo, tatizo ni jicho langu, na hayo ndiyo maneno niliyoyabeba tangu Kitulo bila kumpa mtu. Tulipoingia mjini Njombe hakushika njia ya kwenda Yakobi. Alinyoosha mpaka hospitali, akaegesha Fuso nje ya geti, akasema atasubiri hata kama kutakuwa na foleni. Nilimpigia simu mume wangu nikiwa kwenye benchi la wagonjwa. Akasema anakuja.

Kisha nikaitwa ndani. Daktari alinimulika kwa tochi ndogo, hivyo hivyo kama Tumaini alivyomulika lenzi. Alisema ni mtoto wa jicho, wa kulia amekomaa, wa kushoto anaanza. Akasema anatolewa. Nilimwomba arudie. Akarudia kwamba wanapasua, wanaondoa kilichochafuka, wanaweka lenzi nyingine ndogo, na wengi huona tena. Tukapanga siku. Kisu bado ninakiogopa, sitawadanganya. Usiku nikifumba macho ninakiona kinakuja. Ila nimejua kwamba hofu usiyoitaja hukutuma kusugua vioo vya watu, na ukiitaja hukupeleka mahali penye daktari.

Kabla sijatoka aliuliza kama kwetu kuna mwingine aliyepatwa na shida ya macho. Nikamwambia habari za baba, jinsi ilivyoanza polepole, weupe kwanza, hadi giza. Aliacha kuandika. Akasema hawezi kuapa kwa mtu ambaye hakumpima, lakini kwa maelezo hayo huenda ulikuwa ugonjwa huu huu.

"Alipata tiba gani?" aliuliza.

Nililishika kopo la mchele mapajani.

"Alinunua taa," nikamwambia.