Klachi Iliyokataa Kuachia

Saa mbili na nusu asubuhi, Ijumaa, fundi Nyangau Okari ameketi juu ya pikipiki ya watu nyuma ya soko la Migori. Injini inanguruma. Ameshika klachi mpaka mwisho, vidole vimegusa usukani. Anaingiza gia ya kwanza.

Pikipiki haifai kusonga hata inchi moja. Lakini inaruka, inambeba mzima mzima na kugonga ukuta wa mabati wa kibanda chake. Mama anayeuza nyanya upande wa pili anapiga mayowe.

"Yesu!" Nyangau anazima injini. Goti linatoka damu. "Hii kitu inataka kuua mtu!"

"Si nilisema?" anajibu mtu aliyesimama mlangoni. "Wiki tatu nasema. Nani alisikia?"

Huyo ni Wangwe, mchanjaji wa mifugo wa chama kimoja cha wafugaji upande wa Ogwedhi. Pikipiki ni mali ya chama. Ni ya Kiingereza, ya mwaka 1959, kwa hiyo inamzidi Wangwe miaka saba.

Wiki tatu zilizopita, siku ya mnada wa ng'ombe, Wangwe alisimama penye kamba ya kuingilia sokoni, akashika klachi, akaingiza gia. Pikipiki ilikata kamba, ikapita katikati ya ndama, ikaishia kwenye sufuria ya uji ya mama Bhoke. Mama huyo alivunjika mguu.

Watu walisema mchanjaji alikuwa amelewa. Chama kikamsimamisha kazi. Jumapili hii kamati inakaa kuamua kama atafukuzwa kabisa.

"Mimi sijaonja pombe tangu nizaliwe," anasema Wangwe. "Sasa hata watoto wananiita Chang'aa. Mke wangu naye ameanza kuninusa mdomo nikiingia nyumbani."

Katibu wa chama, James, amekuja naye Migori. Anataka kusikia kwa masikio yake fundi atasema nini.

Nyangau ana miaka arobaini na minne. Alitoka Kisii akiwa na darasa la sita na spana mbili, akafanya kazi Homa Bay ufuoni kwa miaka saba, kisha akahamia hapa mwaka 1995. Siku nzuri anapata shilingi mia mbili hamsini. Siku mbaya anarudi nyumbani na grisi peke yake. Ni Msabato. Ijumaa jua likianza kuzama, vyombo vinaingia kwenye sanduku hata kama injini iko nusu.

Kwa hiyo anafanya haraka, ila kwa mpangilio. Kwanza waya wa klachi. Anauvuta, anautia oili, anautazama kote. Mzima. Kisha ile skrubu ya katikati inayosukuma pleti ziachane. Anaizungusha robo, anajaribu, anaizungusha tena. Bado gurudumu la nyuma linazunguka klachi ikiwa imeshikwa.

"Daktari wa ng'ombe," anamtania Wangwe, "mgonjwa wako ana ugonjwa wa tumbo. Lazima tupasue."

"Pasua, fundi. Kwangu ni afadhali ife yenyewe."

"Ukipanda mlima inafanya nini?"

"Injini inalia sana lakini haiendi. Ng'ombe wananipita."

Nyangau anatikisa kichwa. Klachi inayokataa kuachia, na hapo hapo inakataa kushika. Hayo mawili kukaa pamoja, anasema, si kawaida.

Anaweka karai chini na kufungua kifuniko cha ubavuni. Oili inamwagika, nyingi.

"Mbona mmejaza hivi?"

"Tulifuata kitabu," anasema James. "Mwezi uliopita. Ilikuwa kavu kabisa, tone tu."

Nyangau anatoa springi moja moja, kisha pleti ya kwanza. Haitoki. Imegandana na ya pili kama chapati zilizolala. Anaitenganisha kwa bisibisi, anaigeuza kwenye mwanga.

Pikipiki hizi za zamani, pleti zake zina matundu, na kila tundu hujazwa kizibo, ule ubao mwepesi wa kuzibia chupa ya mvinyo. Kwenye pleti hii hakuna kizibo. Kuna vipande vya buluu na vyeupe, vimevimba, laini kama ugali.

James anakibonyeza kimoja kwa kidole. "Hii si ni patipati?"

Ni patipati. Ndara za mpira za kuvaa bafuni, zimekatwa duara na kusukumwa ndani ya matundu. Zimekunywa oili mpaka zikafura. Hata ukishika klachi namna gani, pleti haziwezi kuachana; na kwenye mlima zinateleza kwa huo ulaini.

James anaanza kucheka, kisha anakumbuka mguu wa mama Bhoke na kicheko kinamkauka. "Ni mjinga gani alifanya hii kazi?"

"Huyo mtu afungwe," anasema Wangwe. "Afungwe mahali hakuna dirisha."

Nyangau anapangusa ukingo wa pleti kwa kidole gumba. Pana nukta tatu zilizogongwa kwa msumari. Anatoa pleti ya pili: nukta tatu. Ya tatu pia. Fundi hugonga alama ili pleti zirudi zilivyokuwa. Wengine hupiga mstari, wengine herufi ya jina.

Anakaa chini kwenye oili, na suruali yake.

"Ni mimi," anasema.

"Ni wewe nini?"

"Huyo mjinga. Ni mimi. Homa Bay, mwaka tisini na nne. Ilikuwa nyeusi wakati huo. Mmeipaka rangi nyekundu, sikuijua."

Hakuna aliyemuuliza. Angesema ni fundi fulani wa ufuoni, na siku ingeisha.

Anaeleza akitazama chini. Kizibo kilikuwa hakipatikani popote. Wavuvi walikuwa wakikata patipati kuukuu kutengeneza maboya ya nyavu, na yeye alikuwa akikaa nao. Aliona mpira unaelea mwaka mzima majini bila kuoza. Akajaribu. Ikashika vizuri ajabu, mradi oili iwe tone tu. Alimwambia mwenye pikipiki asijaze oili. Alimwambia kwa mdomo. Mwenyewe akaiuza, maneno yakabaki Homa Bay.

Wangwe anaokota kipande kimoja cha buluu. "Wiki tatu naitwa mlevi," anasema polepole, "kwa sababu ya ndara?"

Jumapili, mbele ya kamati, Nyangau anasimama na pleti zake ndani ya karai. Zinapita mkono kwa mkono. Mzee mmoja anazinusa na kuzirudisha haraka. Mama Bhoke ameletwa kwa baiskeli, mguu ndani ya plasta.

"Kwa hivyo mimi nilivunjwa na kiatu?" anauliza.

"Ndiyo, mama. Na ni mimi niliyekiweka."

"Huyu kijana arudi kazini, ng'ombe wangu hawajachanjwa. Na wewe fundi, utanipalilia mahindi mpaka nitembee." Watu wanashusha pumzi na kuanza kucheka, wakidhani mambo yamekwisha. Yeye hacheki. "Uliweka hizo ndara kwa pikipiki ngapi?"

Nyangau anazirudisha pleti kwenye karai. "Nne."

Mama Bhoke anainua vidole vitatu.

"Na hizo tatu?"

Moja ni ya mwalimu karibu na Asumbi. Nyingine ni ya mchuuzi wa samaki Homa Bay. Ya tatu iliuzwa, na yeye hajui ni kwa nani.

Jumatatu asubuhi kibanda cha Nyangau kimefungwa kwa kufuli. Yeye yuko barabarani kuelekea Homa Bay, na mfuko wenye spana, bisibisi na vizibo alivyookota nyuma ya hoteli mbili za mjini.

"Mama Bhoke amenipa wiki moja, kisha nianze jembe," anasema. "Ya mwalimu naijua. Ya samaki nitaulizia ufuoni. Hiyo ya tatu, nitasimamisha kila pikipiki ya zamani nitakayokutana nayo, nimwambie mwenyewe: zima injini, shuka, usiguse gia. Wataniona mwendawazimu. Sawa tu, bora washuke."