Nilimlaumu Mwenzangu Mbele ya Wakulima, Kumbe Faili Nililiharibu Mimi

Jamani, nina kosa, na nalisema huku nacheka, huku naona aibu! Jina langu msilitafute.

Mimi natengeneza programu za kompyuta, naishi kata ya Bakoba. Mwenzangu wa kazi, nitamwita Koku, yuko Muleba. Tulikuwa tunawaandalia wakulima wa kahawa wa Izimbya programu ya kuwajulisha kwa simu siku ya kila mmoja kupeleka kahawa ikapimwe. Na huyo Koku alishakubali nipeleke wazee kwao kumposa! Wee, nilikuwa sikanyagi chini.

Kila mtu alifanyia kazi kwake, mafaili tukiyakutanisha kwenye Git, ambako kila badiliko huandikwa na jina la aliyelifanya. Mimi natumia Windows, yeye Linux. Siku moja kabla ya kuwaonyesha wakulima, nikaliona faili lake la kuwashia programu halijapendeza. Nshomile mie, msomi! Nikalifuta, nikaandika langu, nikalipandisha. Kwangu likafanya kazi vizuri tu.

Na alishanionya: "Ukiligusa hilo niambie. Linux haiendeshi faili lisilo na ruhusa ya kuendeshwa."

Nikamjibu, "Waitu, mwenzangu, unamfundisha nani?"

Kesho yake Izimbya, wakulima wamejaa, Koku akawasha programu kwenye laptop yake. Ikagoma! Ikaandika kwamba ruhusa imekataliwa.

"Wanangu, kulikoni?" akauliza Ma Bona, mwenyekiti wao.

Mdomo wangu huu! Nikaropoka: "Kwangu inafanya kazi. Kaharibu huyu na Linux yake."

Mbele ya watu wote! Koku akafunga laptop, akapanda bodaboda, akaondoka. Baadaye akaniandikia: "Wazee wako wasije."

Mawe, mama yangu! Nikafungua historia ya Git nimtafutie kosa. Nikakuta faili lake lilikuwa na ile ruhusa, langu halina. Windows haijali ruhusa hiyo, kwa hiyo faili langu liliingia bila hiyo ruhusa na mimi sina habari. Na jina la aliyelifuta lile la Koku ni la nani? Langu! Nilicheka kama mwehu, halafu nikalia.

Dawa yake ilikuwa amri moja ya kulipa faili langu, anza.sh, ile ruhusa: git update-index --chmod=+x anza.sh, halafu unahifadhi na kupandisha. Mstari mmoja tu, na mchumba keshaondoka!

Dawa ya Koku ndiyo ilikuwa kazi. Nilimwomba Ma Bona awaite watu wale wale, na Koku pia. Nikasimama, nikasema: "Aliyeharibu ni mimi. Huyu alinionya, nikajifanya najua."

Walicheka hadi kanga zikawadondoka! Koku akawasha programu, na simu ya Ma Bona ikawa ya kwanza kulia. Vigelegele!

Ma Bona akaleta kikapu cha kahawa ya kutafuna, ile tunayompa mgeni. Koku akapasua tunda moja, punje moja akala, ya pili akanipa mimi. Wazee wetu walikula kiapo cha undugu hivyo hivyo.

"Waje," akasema. "Lakini lile faili usiliguse."

Ninyi mnaofanya kazi pamoja, mmoja Windows, mwingine Linux, kagueni ruhusa za mafaili kabla ya kupandisha. Na someni historia kabla ya kumnyooshea mtu kidole, maana jina mtakalolikuta huenda ni lenu.

Wazee wangu wanakwenda Muleba Jumamosi. Faili sijaligusa, hata kulifungua nilitazame naogopa!