Nilivyopunguza vitu vyangu robo saa kwa siku, na mamangu amelala chini yavyo

Wakuu, assalamu alaykum, na wasio Waislamu hamjambo nyote.

Haya ninayoyaandika yamenipata mimi mwenyewe, nyumbani kwetu Mji wa Kale, Mombasa. Sikuongeza chumvi. Kwanza hayanipi sifa, na wanaonijua wanajua napenda sifa.

Niliondoka hapa na begi moja kwenda Ghuba. Nilianza kwa kubeba maboksi ghalani, nikasoma usiku, nikapata diploma ya usimamizi wa maghala, nikawa supavaiza wa watu arobaini. Hakuna aliyenishika mkono. Niliporudi, nilirudi na nusu kontena.

Friji tatu. Jenereta. Mashine ya kukimbilia. Betri za sola. Maboksi ya marumaru ya nyumba nitakayojenga siku moja.

Vyote nikavipanga chumba cha juu, kwa ustadi, hadi dirishani.

Nyumba yetu ni ya kizamani, ya mawe ya matumbawe. Sakafu ya juu imebebwa na boriti za mikoko, juu yake mawe na chokaa. Chini ya chumba kile ndipo analala mamangu. Babangu alifariki miezi miwili iliyopita, kwa hiyo mama yuko edani. Hatoki nyumbani na haonani na wanaume wa nje.

Asubuhi moja akaniita. "Swaleh, hebu njoo uone. Panya wanitilia unga kitandani."

Nikapitisha kidole kwenye shuka. Haukuwa unga. Ilikuwa chokaa.

Nikainua macho. Boriti ya katikati ilikuwa imepinda, na kando yake ufa ambamo kidole changu kingeingia.

"Ni panya, mama," nikasema.

Hapo ndipo nilipokosea, wakuu. Mengine yote yalifuata hapo.

Nikamwita fundi Shee, mzee anayetengeneza nyumba hizi tangu sijazaliwa. Mama akajifungia jikoni ili asionekane. Fundi akatazama chini, akapanda juu, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Nani aliyepanga vitu hivi?"

"Mimi. Nina diploma ya maghala."

"Basi hiyo diploma yako ni ya sakafu ya saruji, bwana. Aliyejenga hapa alihesabu kitanda, sanduku na watu wawili. Hakuhesabu friji tatu."

Akanipa masharti. Nisilete watu wanne wakasukuma kwa pamoja. Nianze katikati. Nitoe kimoja, niache sakafu itulie, niitazame boriti. Robo saa kwa siku, basi. Akashuka tena chumbani kwa mama, akapiga alama ya penseli ukutani, usawa wa boriti, ili nijue ikishuka.

"Na mama asilale hapa, hata leo."

"Bila shaka," nikamjibu.

Sikumwambia mama.

Nilijiambia ni kwa sababu ya eda, kwamba hatakubali kuhama na nitamtia majonzi bure. Ukweli ni kwamba niliona haya. Mama huyu nilikuwa nikimpigia simu kutoka ng'ambo kumsimulia jinsi ninavyowafundisha watu kupanga mizigo.

Basi nikamwambia nimeona video, watu siku hizi hupunguza vitu nyumbani kidogo kidogo, robo saa kila siku, ndiyo declutter hiyo.

Akafurahi! Kila aliyekuja kumpa pole akaambiwa, "Mwanangu huko alikotoka amejifunza usafi, mashallah." Kinamama wanatikisa vichwa, nami nimesimama na boksi begani, jasho lanitiririka, nikihesabu ni wangapi wameketi chini ya boriti ile.

Kila asubuhi kabla ya kazi napanda, natoa kimoja kimoja hadi robo saa iishe, nampa hamali wa mkokoteni apeleke Tononoka kwa rafiki yangu mwenye stoo. Kisha nashuka kutazama alama.

"Watafuta nini huko juu kila siku, mjusi?" mama akaniuliza.

Kazini sikuwa mtu. Napiga simu saa nne, "Mama, nikuletee nini?" Saa sita tena. Saa nane tena. Sikutaka kujua aletewe nini. Nilitaka kusikia akipokea.

Siku ya sita pupa ikanishika. Robo saa ilikuwa imekwisha, lakini jenereta lilibaki katikati nami nimechoka kuliogopa. Nikaliburuta peke yangu.

Kukatoka mlio chini ya miguu yangu, kama mtu anayevunja muwa.

Halafu kishindo, chini.

Sijui nilishukaje ngazi zile. Chumba kilijaa vumbi. Kwenye mto wa mama lilikuwa pande la chokaa na jiwe, kubwa kama sinia.

Mama alikuwa pembeni, juu ya mswala. Alikuwa anaswali Dhuha, sunna ya asubuhi. Kichwa chote cheupe.

Nikamwambia yote pale pale, nimepiga magoti.

"Siku ngapi?" akauliza.

"Sita."

"Siku sita wanilaza chini ya friji?"

"Nilidhani kwa sababu ya eda hutakubali kutoka."

"Ulimuuliza nani? Eda ni ya nyumba, Swaleh. Si ya kitanda!"

Akachukua dawa zake na mswala, akaenda sebuleni. Hatua nane. Nimezihesabu.

Alasiri wageni walipokuja akawaambia, "Si usafi. Alitaka kuniua kwa marumaru."

Nilimaliza wiki iliyopita, robo saa robo saa, siku kumi na saba. Fundi ametia boriti mbili mpya. Chumba kiko salama, nami nimemwambia mama arudi kitandani kwake.

Amekataa. Anasema atarudi siku fundi Shee atakaposimama nyuma ya mlango na kumwambia kwa kinywa chake. Neno langu halimtoshi.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaopunguza vitu, njia hii ya kidogo kidogo inafaa, nimeiona. Lakini kabla hujanyanyua boksi la kwanza, mwambie anayelala chini.

Nani mwingine hapa amewahi kumficha mzazi jambo la nyumba yake mwenyewe? Na alikuamini tena baada ya muda gani? Nisaidieni, nasoma kila jibu.