Mashini Yenye Jina la Mwanamke

Emérita Uwimbabazi, binti wa wakulima wa maharagwe wa Karuba, alikuwa amesikiliza mihadhara sita kuhusu mashini za kuchimba mahandaki. Mashini yenyewe aliiona ukutani tu, kwa projekta. Profesa alieleza kwamba kwa desturi hupewa jina la mwanamke, eti huleta baraka chini ya ardhi.

Ziara ya mafunzo ikawa Walikale, mashariki mwa Kongo, kwenye shimo la madini linalochimbwa kwa nyundo na patasi. Asiyeingia kupima dari angerudia mwaka.

"Dada, bakia hapo," alisema PDG, maana ndivyo anavyoitwa mkuu wa shimo. "Mwanamuke akiingia, mawe inakimbia."

"Inakimbia inaenda wapi, Papa?"

"Sisi hatujue."

"Na mashini ya Profesa? Ile iko na jina la mwanamuke."

"Ile iko chuma."

Profesa, mtu wa sayansi, alichunguza viatu vyake. Wanafunzi wenzake wanane, wote wanaume, waliingia. Emérita alibaki nje na hasira ya kutosha kutoboa mlima bila mashini.

Walitoka na vipimo vinane visivyofanana. PDG akauliza kama dari itadumu. Wachimbaji wake walikuwa bado ndani. Bila kujua kipimo kipi ni sahihi, wote wanane wakamgeukia Emérita, aliyebaki kupima.

"Munaniangalia nini? Mimi niko nafukuza mawe."

PDG alivua kofia yake ya chuma, akampa. "Ingia basi. Lakini mbio mbio!"

"Kwanza utoshe watu wako mule ndani," alisema Emérita.

Walipotoka wote, aliingia, akapima kwa saa mbili. Mawe hayakwenda popote.